Kilti ya kawaida: ivaliwe na sporani au bila?

Kilti ni vazi la kiume la Uskoti. Ni kitambaa cha sufu kinachozungushwa kiunoni na kushuka hadi katikati ya goti, kikiwa na marinda mengi yaliyoshonwa nyuma na vipande viwili tambarare vinavyopandana mbele. Sporani ni mkoba mdogo unaoning'inia mbele ya vazi hilo, chini kidogo ya mkanda, kwa mnyororo mwembamba au ukanda wa ngozi uliozungushwa nyonga. Katika sherehe viwili hivi huenda pamoja, na Mskoti akienda harusini na kilti isiyo na sporani, wenyeji humwona kama aliyesahau viatu. Lakini tangu miaka ya 1990 imeenea kilti ya namna nyingine: ya kaki, ya jinzi au ya pamba nzito, mara nyingi ya rangi moja, inayovaliwa na fulana na buti siku ya kawaida. Hiyo ndiyo iliyozusha swali. Je, mkoba wa mbele bado una kazi, au ni kitu kilichobaki tu kutoka vazi la zamani?

Jibu linaanzia kwenye ushonaji. Kilti ya asili haina mfuko hata mmoja. Marinda ya nyuma hayaachi nafasi ya mfuko, na kipande cha mbele kikitiwa mfuko hutuna na kupoteza unyoofu wake, na unyoofu huo ndio uzuri wa kilti. Kwa hiyo fedha, funguo, simu na kadi ya uchaguzi, vitu ambavyo mwenye suruali huvitia mfukoni bila kufikiri, mvaa kilti lazima avitafutie pahali pengine. Sporani haikubuniwa iwe pambo. Ilikuwa mfuko wa nguo isiyo na mifuko, na mapambo yakaongezwa baadaye.

Tatizo hilo hawakulipata Waskoti peke yao. Watu wote waliovaa nguo ya kuzungushia wamelazimika kulitatua. Mwanamume wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja na Kilwa, akivaa kikoi au msuli hulitatua kwa nguo yenyewe: upindo wa juu hukunjwa na kusokotwa kiunoni ukawa kibindo, na humo hutiwa fedha au tumbaku. Ndipo ikasemwa kwamba hamadi ni iliyo kibindoni na silaha ni iliyo mkononi. Kwa mvuvi njia hii ina faida kubwa, kwa kuwa hakuna kinachoning'inia wala kinachonasa kwenye wavu. Kasoro yake ni kwamba kibindo hubeba vitu vyepesi tu. Noti chache zitakaa humo siku nzima, lakini simu ya leo pamoja na shada la funguo huuvuta msuli hadi ukalegea, na kila hatua kumi mwenye nguo analazimika kujifunga upya.

Katika Kongo, Wakuba wa Kasai walifuata njia nyingine. Sketi zao za kiume za rafia ni ndefu kuliko za wanawake. Huzungushwa nyongani mara kadhaa na kukusanywa mikunjo, kisha sehemu ya juu hupinduliwa juu ya mkanda, na mikanda ya watu wenye cheo hupambwa kwa kauri na shanga. Hapo mkanda ndio unaobeba uzito na pia ndio unaosema mtu ni nani. Sporani ya Kiskoti ilikuja kufanya kazi hizo mbili vilevile, ila ilianza na ya kwanza.

Katika nyanda za juu za Uskoti, mwishoni mwa karne ya 16, wanaume walivaa shuka moja kubwa ya sufu yenye urefu wa mita kadhaa. Shuka ilikunjwa marinda, ikafungwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi, na nusu ya juu ikatupwa begani. Mvua ikinyesha iligeuzwa kofia, na usiku ikawa blanketi. Mikunjo iliyobaki juu ya mkanda ilitunza vitu, kwa namna ambayo mtu wa Unguja angeielewa mara moja. Hata hivyo sufu nzito haishiki sarafu vizuri, na mwindaji au askari alihitaji chombo kilichofungwa. Akafunga mkandani mfuko wa ngozi ya paa au ya ndama, wenye kamba za kuvuta mdomoni. Hiyo ndiyo sporani ya kwanza: mfuko wa kawaida, usio na manyoya wala fedha ya kung'aa.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 mdomo wa mfuko ulianza kutiwa fremu ya shaba yenye kifungo. Mafundi waliona fahari katika fremu hizo, na baadhi yao walitia ndani yake vizuizi vya wezi. Jumba la Makumbusho la Taifa la Uskoti, mjini Edinburgh, lina fremu ya sporani iliyofichwa bastola ndogo nne, tayari kumlipukia mtu atakayeifungua bila kujua siri yake. Walter Scott alitia mkoba wa aina hiyo katika riwaya yake Rob Roy, iliyochapishwa mwaka 1817. Fundi hachoki namna hiyo kwa ajili ya pambo. Alichokuwa akilinda ni akiba ya mtu, iliyokuwa wazi mbele ya macho ya watu wote.

Mabadiliko yaliyoifanya sporani kuwa ya lazima yalitokea nusu ya kwanza ya karne ya 18. Nusu ya juu ya shuka iliondolewa, ikabaki ile ya kiunoni tu, na baadaye marinda yakaja kushonwa yasihitaji kukunjwa upya kila asubuhi. Masimulizi yaliyochapishwa mwaka 1785 yanampa sifa hiyo Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyekuwa na tanuri la chuma huko Invergarry. Yasemekana aliona shuka kubwa inawasumbua vibarua waliokata kuni na kuchochea moto, akaagiza ifupishwe. Waskoti wengi hawapendi kusikia kwamba vazi lao lilikatwa na Mwingereza, na wanahistoria wangali wakibishana juu yake. Lisilobishaniwa ni kwamba vazi fupi liliwafaa watu wa kazi, na kwamba pamoja na nusu ya juu ya shuka iliondoka ile mikunjo iliyotunza vitu. Mkoba wa ngozi ukabaki peke yake.

Halafu ikaja sheria. Waasi wa Kiskoti waliposhindwa katika vita vya Culloden, mwezi Aprili 1746, bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya nyanda za juu. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na mara ya pili alipelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1782. Wakongo wenye umri wanaielewa habari ya namna hiyo bila kuelezwa sana, kwa kuwa katika Zaire ya Mobutu, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 1990, suti na tai za Kizungu zilikatazwa na mahali pake pakawa pa koti la abacost, lisilovaliwa na tai. Serikali ikishaligusa vazi, vazi hilo haliwi tena nguo tu. Linakuwa kauli, na kila kipande chake, hata kifungo, kinaanza kuhesabiwa.

Waliosalimika na sheria ya 1746 walikuwa askari wa vikosi vya Kiskoti katika jeshi la mfalme. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 kilti ililelewa kambini, na huko kambini sporani ilibadilika sura. Ikawa kubwa, ikafunikwa kwa singa ndefu za farasi na kutundikwa vishada vyeusi au vyeupe, kwa sababu askari wa gwaride hutakiwa kuonekana kwa mbali. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, sherehe zilizopangwa na Walter Scott yuleyule zilileta mavazi hayo mbele ya mabwana na mabibi wa mjini. Ile sporani ya manyoya na fedha inayoonekana leo harusini ni mtoto wa gwaride na karamu. Mfuko wa mwindaji ulikuwa wa ngozi tupu. Tofauti hiyo ndiyo inayomwongoza mvaa kilti wa leo, kwa sababu anayesema kwamba kilti bila sporani ya manyoya si kilti anazungumzia desturi ya karne ya 19, si ya wale waliolivaa vazi hilo shambani na msituni.

Kando ya Ziwa Tanganyika kuna habari ya kweli inayohusu sketi ya mwanamume, nayo ilitokea Kalemie, nchini Kongo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wakilitawala ziwa kwa meli zao za kivita kutoka Kigoma. Waingereza wakatuma mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja. Zilisafiri kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, zikakokotwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikateremshwa Mto Lualaba, na mwishoni zikafika kwa reli kwenye mlango wa Mto Lukuga mwezi Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba mwaka huo ziliiteka Kingani, ambayo Waingereza waliipa jina jipya, Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 meli ya Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916. Baadaye iliopolewa, na ndiyo Liemba inayojulikana na kila mtu wa Kigoma na Kalemie.

Kamanda wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, hakuwa Mskoti; alizaliwa Hobart, kisiwani Tasmania, mwaka 1876. Lakini alipokuwa kwenye kambi ya Lukuga alizoea kuvaa sketi ya kaki iliyoshonwa na mke wake, akidai kwamba katika joto lile ilimfaa kuliko suruali. Wenyeji wa ufukoni, ambao miongoni mwao ni Waholoholo, walimtazama kwa mshangao, na masimulizi ya msafara yameliweka jina walilompa: Bwana Chifunga-Tumbo. Sketi ile haikuwa na tartani, yaani mistari ya miraba inayotambulisha ukoo, wala haikudai uhusiano wowote na Uskoti. Ilikuwa nguo ya kaki ya kazi, katika hali ya hewa ambayo sufu ingekuwa adhabu. Kwa hali hiyo inafanana zaidi na kilti ya kawaida ya leo kuliko na kilti ya harusi ya Edinburgh, na inaonyesha jambo la kwanza la kuamua: anayevaa vazi hili nje ya desturi ya Kiskoti hafungwi na vifaa vya desturi hiyo. Anafungwa na mahitaji yake tu.

Kilti za kisasa zilifuata wazo hilohilo bila kumjua yule kamanda. Mjini Edinburgh, Howie Nicholsby alianza mwaka 1996 kushona kilti za jinzi, za ngozi na za vitambaa vya suti, akitaka mwanamume aweze kuivaa kila siku badala ya kuingoja harusi. Mwaka 2000, mjini Seattle nchini Marekani, ilianzishwa kampuni ya Utilikilts, ambayo kilti zake ni za pamba nzito na zina mifuko mikubwa iliyoshonwa pembeni. Mifuko hiyo ndiyo mapinduzi yenyewe. Vazi liliweza kubeba vitu vya mwenyewe bila msaada wa mkoba, na hoja ya kale ya sporani ikaanguka.

Ikaanguka kwa kilti hizo tu. Kilti nyingine nyingi za kawaida, hasa zile nyepesi za tartani zinazouzwa kwa bei ya chini, bado hazina mfuko. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza urembo, mvaaji apapase kiuno cha nguo yake. Kama ina mifuko ya pembeni inayofungwa kwa kifungo au zipu, sporani ni hiari kabisa, na mara nyingi ni afadhali kuiacha: vitu vitatu vinavyotuna mbele na pembeni humfanya mtu mnene mahali asipotaka kuwa mnene. Kama haina mifuko, mkoba unahitajika, na ule wa Kiskoti ni mzuri kuliko kushika simu na pesa mkononi siku nzima. Katika Kongo, ambako noti kubwa kuliko zote ni ya franka 20,000, na ununuzi wa kawaida tu huhitaji kitita, mtu hawezi kujidai kwamba hana cha kubeba. Anayelipa kwa simu naye analazimika kuwa na simu.

Kuna sababu ya pili inayosahauliwa na wanaolitazama vazi hili pichani tu, nayo ni upepo. Kilti ya sufu ya mita 7 ina uzito wa kutosha kujituliza yenyewe. Ile ya pamba nyepesi haina. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika, na mtu anayesimama ufukoni Kabimba, upande wa Kongo, akingoja boti na kilti nyepesi atakuwa na kazi ya kushikilia nguo yake kwa mikono miwili. Sporani ya ngozi hulala juu ya kipande cha mbele na kukizuia kisipeperuke. Akiketi, hulala mapajani na kukibana katikati ya miguu, na heshima ya mtu inahifadhiwa. Pini ya kilti, ambayo wengi hudhani inafunga vazi, haisaidii sana hapa. Huchomwa kwenye kipande cha juu pekee, ili kukiongezea uzito kidogo pembeni. Anayeipitisha vipande vyote viwili huichana nguo yake mara ya kwanza anapochutama.

Sababu ya tatu ni ya jicho. Kipande cha mbele cha kilti ni uwanja mtupu wa kitambaa. Kwenye tartani yenye miraba mingi uwanja huo una kitu cha kutazama. Kwenye kaki ya rangi moja isiyo na mifuko unabaki mtupu, na bila kitu katikati nguo huanza kuonekana kama aproni ya jikoni. Mkanda mpana wenye bizimu kubwa huweza kuujaza peke yake. Mvaaji mwembamba hutosheka na mkanda, na mwenye tumbo, ambaye mkanda wake hufichwa na shati, hunufaika zaidi na sporani.

Ikishaamuliwa kwamba sporani itavaliwa, ni lazima iwe ya aina inayolingana na nguo. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Aina za kawaida ni tatu. Ya karamu ina uso wa manyoya, fremu ya fedha na minyororo inayometameta. Ya gwaride ni ile ya singa za farasi. Ya mchana ni ya ngozi ya ng'ombe, nyeusi au kahawia, yenye kifuniko na pengine vishada vitatu vidogo vya ngozi. Kwa kilti ya kawaida ni ya mchana tu inayofaa, na kadiri ilivyo tupu ndivyo inavyopendeza. Manyoya juu ya jinzi hayamwongezei mtu hadhi. Yanaonyesha kwamba ameazima nusu ya vazi la harusi. Mahali kama Kabimba, penye kiwanda cha saruji, manyoya yana ubaya mwingine: hushika vumbi jeupe, na vumbi la saruji likishapata unyevu haliondoki kwa mswaki. Ngozi laini hupanguswa kwa kitambaa na yamekwisha. Tena tangu mwaka 2009 Umoja wa Ulaya umezuia biashara ya ngozi za sili, ambazo zilikuwa zikipendwa kwa sporani za karamu, kwa hiyo anayenunua iliyotumika huko Ulaya na kutaka kuisafirisha ana haki ya kuuliza ni ngozi ya mnyama gani.

Rangi nayo ina kanuni yake. Ngozi ya sporani, ya mkanda na ya viatu iwe ya jamii moja: nyeusi na nyeusi, kahawia na kahawia. Wakongo hawahitaji kufundishwa na Edinburgh juu ya hili. Masapeur, yaani watanashati wa Kinshasa na Brazzaville, waliopata mfano mkubwa katika mwanamuziki Papa Wemba, wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu katika vazi zima, na baadhi yao wamekuwa wakivaa kilti hadharani kwa umahiri ambao Mskoti angeuonea wivu. Kwa hesabu yao mkoba ni sehemu ya rangi, sawa na soksi au kofia. Ukileta rangi ya nne, uachwe nyumbani. Kanuni hiyo ni nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa Uskoti, kwa sababu inamlazimisha mtu kujitazama mzima badala ya kuhesabu vifaa.

Desturi za Waskoti wenyewe siku hizi si kali kama wengi wanavyodhani. Tarehe 14 Juni 1974, mjini Dortmund, Leopards wa Zaire walicheza na Uskoti katika Kombe la Dunia na kufungwa mabao 2 kwa 0. Katika miaka iliyofuata mashabiki wa timu hiyo ya Uskoti walizoea kwenda viwanjani na kilti juu ya buti na jezi ya mpira, na katika Kombe la Ulaya la 2024 nchini Ujerumani walijaza miji kwa mavazi hayo. Wengi wao huvaa sporani, lakini kwa sababu ileile ya mwanzo kabisa: tiketi, pesa na simu lazima vikae mahali salama katikati ya umati, na mkoba ulio mbele ya macho ya mwenyewe ni mgumu kuibiwa kuliko mfuko wa nyuma. Asiyevaa hakemewi na mtu.

Panapohitajika sporani bila mjadala ni pale ambapo kilti imepanda cheo. Kilti ya kaki ikivaliwa na fulana ni ya matembezi. Ileile ikivaliwa na koti, shati la kola na soksi ndefu kwa ajili ya ubatizo au mahafali, imeingia katika mavazi ya heshima, na mbele pasiachwe patupu. Hapo hata kilti yenye mifuko ivaliwe na sporani ya ngozi, na mifuko ibaki bila kitu.

Namna ya kuivaa ni jambo la vipimo. Ukingo wa juu wa sporani ukae kama vidole vinne chini ya mkanda, katikati kabisa. Ikipanda juu zaidi hugonga bizimu, na ikishuka chini sana hupiga mapaja kwa kila hatua. Ukanda wake hupita katika vitanzi viwili vilivyoshonwa nyuma ya kiuno cha kilti. Kilti nyingi za kisasa zina vitanzi vipana vya mkanda tu, na ukanda mwembamba wa sporani huteleza humo hadi ukashuka makalioni. Dawa yake ni ndoano mbili za ngozi zinazovikwa kwenye mkanda wenyewe na kuning'iniza sporani moja kwa moja. Kwa kilti ya pamba hiyo ni njia bora kuliko mnyororo, kwa kuwa chuma husugua kitambaa nyongani na baada ya miezi michache huacha mistari iliyochujuka.

Anayehitaji kubeba vitu lakini hapendi kitu cha kuning'inia mbele anaweza kuhamishia mkoba pembeni. Sakoshi ndogo ya ngozi iliyopachikwa mkandani, upande wa nyonga ya kulia au ya kushoto, hufanya kazi yote ya sporani isipokuwa ile ya kuzuia upepo. Waskoti nao huisogeza sporani yao nyongani wanapocheza ngoma au kuendesha gari, kwa hiyo hakuna desturi inayovunjwa. Kwa abiria wa pikipiki si suala la kuchagua. Sporani iliyobaki mbele humchoma dereva mgongoni njia nzima, na ikihamishwa nyonga wote wawili husafiri kwa amani. Kwenye boti vilevile mkoba wa pembeni haukwami mtu anaporuka ubaoni.

Asiye na kilti ya dukani anaweza kushonewa. Fundi anayejua sketi ya marinda anaweza kutengeneza kilti ya kawaida kwa mita 4 na nusu hivi za kaki, jinzi au kitenge kizito. Kiuno hupimwa usawa wa kitovu, juu ya pale suruali inapokaa, na urefu hukomea katikati ya goti. Marinda yashonwe na kubanwa kuanzia kiunoni hadi nyongani, kisha yaachwe huru. Kipande cha juu cha mbele hufungwa upande wa kulia, na hiyo ni alama mojawapo ya kutambulia kilti ya kiume kati ya sketi za miraba zinazotoka kwenye robota za mitumba. Nyingi kati ya hizo ni za wanawake na wasichana wa shule, tena za kitambaa chepesi. Kwa kuwa nguo inaanza upya, ni wakati wa kumaliza swali la mkoba hapohapo kwa fundi. Mifuko miwili ya pembeni, iliyotiwa kwenye mshono mahali marinda yanapoanzia, hugharimu kitambaa kidogo tu na humwondolea mvaaji haja ya sporani. Asiyetaka mifuko aagize vitanzi viwili vyembamba nyuma, kisha aende kwa fundi wa viatu akamshonee mkoba wa ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi, wenye kifuniko kinachofungwa kwa kifungo cha ndani. Kabla ya kukata ngozi, fundi apewe simu aipime, kwa maana sporani nyingi zinazoigwa kutoka pichani hutoka ndogo kuliko simu za leo.

Kilti, iwe na mkoba au bila, si vazi la karibu na mashine. Mkanda unaozunguka hauchagui kati ya rinda na kishada, na mfanyakazi wa kiwandani aiache kwa ajili ya jioni na Jumapili. Ngozi ya sporani ipakwe mafuta kidogo kabla ya masika, na isifungiwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu wa ziwa huiotesha ukungu ndani ya wiki chache. Ikilowa, ikaushwe kivulini ikiwa imejazwa karatasi. Jua la mchana huikakamaza, na ngozi iliyokakamaa haifungi tena sawasawa.